Mwenye Baiskeli na Mwenye Kamio: Barabara Ni Moja

Mazungumzo ya radio juu ya amani, yaliyoandikwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa, wazee wa vijiji na wakubwa wa mitaa

  

Leo tunazungumza juu ya ugomvi usio na bunduki. Unapiganwa kila siku katika barabara inayotoka Kolwezi, inavuka mto Lualaba, inapita Fungurume na Likasi, inafika Lubumbashi na kuishia mpakani Kasumbalesa. Upande mmoja yuko mtu wa baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyosema, amefunga magunia ya makala na anasukuma kwa nguvu zake zote. Upande wa pili yuko dereva wa kamio, amebeba shaba au kobalti, au anarudi na asidi, chokaa na mafuta ya viwanda. Wa kwanza anasema: "Madereva ni wauaji." Wa pili anasema: "Watu wa baiskeli hawana akili, wanajitupa wenyewe mbele ya magurudumu."

Labda utauliza: hii ni habari ya amani? Si ni kazi ya polisi wa barabara? Ndugu, jiulize kinachotokea baada ya mgongano. Watu wanakusanyika. Mawe yanaokotwa. Kamio inavunjwa vioo, pengine inachomwa moto. Halafu linasikika neno la hatari kuliko jiwe: "Huyu si wa kwetu." Hapo jambo limetoka kwenye magurudumu, limeingia kwenye kabila na taifa. Sisi wa Katanga tunajua neno hilo linafikisha watu wapi. Kwa hiyo turudi nyuma, tutazame historia: nani aliwakutanisha watu hawa wawili katika barabara moja nyembamba?

Reli ilipokuwa inabeba mzigo

Zamani shaba haikupita barabarani. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Mwaka 1931 reli ya Tenke na Dilolo iliungana na ile ya Benguela, na shaba ikaweza kwenda mpaka bahari ya Atlantiki, katika bandari ya Lobito. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya madini, na reli ndiyo iliyokuwa mgongo wake. Mzigo mzito ulipita juu ya chuma. Barabara ilibaki kwa watu.

Katika siku hizo baiskeli ilikuwa heshima. Mfanyakazi aliyenunua baiskeli alionekana kuwa mtu aliyefanikiwa. Aliipanda kwenda kazini na kanisani, na siku ya mapumziko aliipangusa mpaka inang'aa. Hakuna aliyefikiri kuifanya punda wa kubeba magunia manne.

Kisha mambo yakaharibika, moja baada ya jingine. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga njia ya Lobito. Mwaka 1977 na mwaka 1978 vita viliingia kwetu, na Mei 1978 Kolwezi yenyewe ilimwaga damu. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 uporaji ulipita katika miji ya nchi nzima. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 ilitoa tani 30,000 hivi tu. Mishahara ilichelewa, baadaye ikakoma kwa miezi mingi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari.

Baba aliyekuwa na kadi ya hospitali, posho ya unga na shule ya watoto, sasa alitazama nyumbani akaona kitu kimoja kinachoweza kuleta franga: baiskeli. Akaitoa, akafunga vyuma nyuma, akaenda porini kutafuta makala. Wengine walibeba mahindi. Wengine walibeba magunia ya mawe ya madini kutoka kwa wachimbaji wa mikono mpaka kwa wanunuzi wa Musompo. Hivyo baiskeli ya heshima ikawa baiskeli ya njaa.

Na shaba, je? Sheria mpya ya madini ilitoka mwaka 2002, kampuni za nje zikaja, uchimbaji ukapanda tena. Lakini reli haikuinuka kwa mwendo uleule. Mzigo uliokuwa juu ya chuma ukashuka barabarani. Fanya hesabu pamoja nami. Mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2 na nusu za shaba, karibu zote kutoka Haut-Katanga na Lualaba. Kamio moja hubeba kama tani 30. Mzigo huo wote ukibebwa kwa kamio, ni safari zaidi ya 80,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 200 kila siku ya Mungu. Si zote zinazoanzia Kolwezi. Lakini kumbuka kwamba kila kamio inayotoka lazima irudi, na hapo bado hatujahesabu magari ya asidi na mafuta.

Umeona sasa? Anguko la kazi lilimtupa baba wa baiskeli barabarani. Anguko la reli liliitupa kamio barabarani. Ni anguko moja. Watu hawa wawili wanaotukanana ni watoto wa msiba mmoja.

Kila mmoja haoni anachoona mwenzake

Sasa tuingie katika macho ya kila mmoja.

Mtu wa makala haoni nyuma. Magunia yamepita kichwa chake. Anasikia mngurumo, lakini hajui kama gari liko mbali au limemfikia. Unamwambia: "Toka kwenye lami!" Atoke aende wapi? Mahali pengi ukingo wa lami umekatika kama ngazi. Baiskeli yenye mzigo ikishuka pale inaanguka, na akianguka nayo, mtaji wa nyumba yake umepasuka. Anaondoka usiku wa manane ili afike sokoni asubuhi, bila taa, bila kitu chochote kinachong'aa nyuma. Tena kila mwaka miti inakatwa, msitu unarudi nyuma, na safari yake inakuwa ndefu zaidi. Kamio inapompita karibu, upepo wake unamsukuma kwanza, kisha unamvuta kwenye magurudumu.

Dereva naye ana shida yake, ambayo watu wengi wa vijijini hawaijui. Madereva wengi wanatoka Tanzania, Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini. Katika nchi hizo magari hupita kushoto, na usukani uko upande wa kulia. Akivuka Kasumbalesa lazima apite kulia, lakini usukani haukuhama. Sasa anakaa upande wa majani, si upande wa katikati ya barabara. Akitaka kumpita mtu wa baiskeli, hawezi kuona kinachokuja mbele mpaka kichwa cha kamio kimeingia katikati. Akiona gari linamjia, anarudi kulia kwa haraka. Na kulia ndiko aliko mwenye baiskeli. Hata dereva mwenye moyo mzuri anaweza kuua kwa namna hiyo, asipopunguza mwendo mapema.

Kuhusu mwendo, sikiliza vizuri. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula mita 17 hivi kwa sekunde moja. Kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki, kamio imekwisha kupita nyumba nzima. Ikiwa na mzigo, itahitaji zaidi ya mita 50 kusimama. Mtoto anayevuka mbio hajui hesabu hiyo. Dereva anaijua, au anapaswa kuijua. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ukiongeza mwendo kutoka kilomita 50 mpaka 65 kwa saa, hatari ya kumuua mtu unayemgonga kwa miguu inapanda zaidi ya mara nne. Kilomita 15 tu! Ndiyo maana wajibu wao si sawa. Wote wawili wana wajibu, lakini mwenye chuma kizito ana wajibu mzito zaidi.

Mzunguko wa woga

Sasa tufike kwenye mzizi wa ugomvi. Ajali imetokea. Dereva anajua akisimama anaweza kupigwa mpaka afe. Anakimbia. Kijiji kinamwona anakimbia, kinasema: "Tazameni, sisi kwake ni mbwa." Siku nyingine dereva mwingine, asiye na kosa, anapita pale na anapokea mawe. Anasimulia kwa wenzake kwenye maegesho ya Kasumbalesa. Wenzake wanaamua: "Katika vijiji vile usisimame kamwe." Na mtu wa tatu anagongwa, anabaki kando ya barabara akitoka damu, kwa sababu gari pekee lililoweza kumpeleka hospitali limekimbia.

Hasira ya kijiji inamfanya dereva akimbie. Kukimbia kwa dereva kunaongeza hasira ya kijiji. Anayekufa katikati ni jirani yetu.

Tukumbuke Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Kamio iliyobeba asidi iligongana na gari la abiria, asidi ikamwagika juu ya watu, wakafa watu 20 hivi, na wengine wakaungua vibaya. Siku ile jiwe lingesaidia nini? Asidi haichagui mwenye kosa wala kabila. Walichohitaji watu wa Kabwe ni kamio iliyokaguliwa, mwendo mdogo kijijini, watu wanaojua kuosha asidi kwa maji mengi, na gari la kupeleka wagonjwa. Vitu hivyo havipatikani kwa hasira ya saa moja. Vinapatikana kwa kudai kwa pamoja, siku nyingi, bila kuchoka.

Neno "si wa kwetu"

Ninyi familia mliohamishwa mnaweza kuwafundisha wengine hapa. Kuanzia Agosti 1992 na katika mwaka 1993, watu walioitwa wa Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Shaba, kama mkoa ulivyoitwa wakati ule. Wengi wao walizaliwa hapa. Baba zao walijenga reli na kuchimba migodi. Walilala kwenye vituo vya treni majuma na miezi wakingoja gari la moshi, na watoto walikufa pale kwa njaa na magonjwa. Lilianzaje? Kazi zilikuwa zimepungua, franga imekosekana, uchungu ulikuwa wa kweli. Lakini uchungu wa kweli ulielekezwa kwa jirani wa uongo. Gécamines ilianguka, na aliyepigwa ni mwalimu wa mtaa na mama muuza samaki.

Leo tena uchungu ni wa kweli. Barabara inaua. Tusiuelekeze tena mahali pasipo pake. Kijana wa pikipiki anapogongana na mtu, usiulize kwanza ametoka mkoa gani. Dereva Mtanzania akifanya kosa, tulia kidogo ukumbuke kwamba mnaweza kuzungumza: Kiswahili chako na chake ni ndugu. Watu wawili wanaoelewana lugha wana sababu gani ya kuzungumza kwa mawe?

Na tazama jinsi maisha yao yalivyofungwa pamoja. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa miaka ya 1950 karibu na Kolwezi, yanatoa umeme wa migodi, lakini nyumba nyingi bado zinapika kwa makala. Bukari anayokula dereva akisimama Fungurume imepikwa kwa makala yaliyoletwa na baiskeli. Na mama anayenunua makala analipa kwa franga ambayo, kwa njia ndefu au fupi, imetoka kwenye mgodi. Mmoja akiondoka, mwingine atalala njaa.

Kila mtu na wajibu wake

Wewe mwenye baiskeli. Funga kitu chekundu kinachong'aa nyuma ya mzigo, hata kipande cha plastiki kilichotoka kwenye taa iliyovunjika. Mkiwa wengi, mfuatane mmoja nyuma ya mwingine, msipangane wawili. Punguza gunia moja mahali pa kilima. Giza likiingia, ngoja kuche kama unaweza: makala hayaozi.

Wewe dereva. Ukiona nyumba, ukiona soko, ondoa mguu kwenye mafuta kabla hujaona mtu. Usimpite mwenye baiskeli kama huoni mbele. Kaa nyuma yake dakika moja. Mpe nafasi, ukikumbuka trela yako hukata kona kwa ndani kuliko kichwa. Honi si ruhusa ya kupita. Na ukigonga mtu, usimwache afe: fika kwenye kituo cha karibu cha polisi au kwa mkubwa wa kijiji, utoe habari.

Ninyi wazee na wakubwa wa mitaa. Njia ya kuukata mzunguko wa woga iko mikononi mwenu. Kaeni na watu kabla ya ajali, mkubaliane mambo matatu. La kwanza: aliyeumia anapelekwa hospitali kwanza, maneno baadaye. La pili: dereva anayesimama asiguswe na mtu, analindwa na wazee waliochaguliwa mpaka polisi wafike. La tatu: mashahidi wanaandikwa majina siku ileile, ili familia ya marehemu isipoteze haki yake. Kisha mpelekeeni habari chama cha madereva na kampuni: "Katika kijiji chetu, anayesimama yuko salama." Kijiji kinacholinda dereva hakijamsamehe mwenye kosa. Kimehakikisha atafika mbele ya hakimu.

Ninyi wenye mzigo na serikali. Dereva na mwenye baiskeli hawakuchora barabara. Hawakuamua mzigo upite wapi wala dereva alale saa ngapi. Sheria ya barabara ya nchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978; ipo, ifuatwe na wote, hata wenye kampuni. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inailazimisha kampuni kuandikiana na wananchi kitabu cha ahadi, kinachoitwa kwa Kifaransa *cahier des charges*, na kutenga angalau sehemu 3 katika kila 1,000 za mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Wakubwa wa mitaa, mkiketi katika vikao hivyo, msidai tu paa la shule. Daini njia ya pembeni ya baiskeli na miguu, matuta kwenye soko, alama kwenye shule. Familia zikihamishwa kwa ajili ya mgodi, kama zilivyohamishwa za Kasulo mwaka 2017, ulizeni mapema: huko mnakotupeleka, mtoto atavuka barabara gani kwenda shule?

Msidhani jambo hili haliwezekani. Uholanzi, nchi inayosifiwa leo kwa baiskeli, mwaka 1971 ilipoteza watu zaidi ya 3,000 barabarani, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani kuandamana, wakadai, wakadai tena. Njia za baiskeli zikajengwa mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyewapa kama zawadi.

Wazee wetu wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Tusingoje Kinshasa ije kuchagua mashahidi wa kijiji chetu. Hilo ni letu, na linaweza kuanza juma hili.

Maswali ya kuzungumza mkikutana

Katika mtaa au kijiji chenu, ni mahali gani barabarani panapoua zaidi, na kwa nini?

Ajali ikitokea usiku wa leo, nani atampeleka mgonjwa, na nani atasimama kumlinda dereva?

Katika uchungu wetu wa leo, tunamlaumu nani? Je, ni yeye kweli aliyetuleta hapa?

Ninyi mnaosoma, someeni pia wale wasiojua kusoma. Mwenye baiskeli afike nyumbani. Mwenye kamio afike nyumbani. Kaeni na amani.